Acha kumtumia bosi wa zamani picha ya mshumaa Krismasi hii

KUANZIA Desemba 20 hivi ofisi nyingi jijini Nairobi huanza kubaki na walinzi pekee. Wanaokwenda mashambani wanapigania viti Machakos Country Bus, nauli imepanda, na anayebaki mjini ana sababu zake. Halafu simu zinaanza kulia. Picha ya mshumaa na kengele. Video ya Santa akikata kiuno. Maombi marefu yenye ile mishale midogo juu inayomwambia kila mtu kwamba yamefowadiwa mara nyingi.

Ikiwa umemaliza mafunzo ya nyanjani mwaka huu, au kandarasi yako ya miezi mitatu imeisha na hujui Januari itakukuta wapi, huenda wewe pia ni mmoja wa wanaotuma hizo picha. Unadhani umewasiliana na watu wako wa kazi. Hujawasiliana nao.

SMS ya kwanza kabisa duniani ilikuwa salamu ya Krismasi, tena ya kikazi. Mnamo Desemba 3, 1992, mhandisi kijana wa Uingereza, Neil Papworth, alitumia kompyuta kumwandikia Richard Jarvis, mkubwa katika kampuni ya Vodafone aliyekuwa kwenye sherehe ya ofisi. Alimtakia Krismasi njema, basi. Jarvis hakumjibu, kwa kuwa simu za siku hizo hazikuweza kutuma ujumbe. Siku hizi kila simu inaweza kujibu, ila wenye simu wamechoka.

Sasa, kwa nini ujisumbue na mtu mliyeonana mara ya mwisho Julai? Mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha mwaka wa 1973 utafiti aliofanya karibu na Boston. Aliwauliza wafanyakazi waliopata kazi kupitia mtu wanayemjua: ulikuwa ukikutana naye mara ngapi? Waliosema walikutana naye mara kwa mara walikuwa asilimia 16.7 tu. Asilimia 55.6 walikuwa wakionana naye mara chache, na asilimia 27.8 walionana naye mara moja kwa mwaka au hata chini ya hapo. Maelezo yake yalikuwa rahisi: marafiki zako wa karibu wanajua yale yale unayojua wewe. Mnasoma matangazo yale yale na kusikia fununu zile zile. Mtu wa mbali kidogo ndiye anayepita mahali wewe hupiti.

Ni kweli Boston si Kericho, na watu aliowahesabu pale walikuwa 54 tu. Lakini mwaka wa 2022 watafiti waliofuatilia zaidi ya watu milioni 20 kwenye mtandao wa LinkedIn walipata jambo linalokaribiana na hilo. Watu mnaofahamiana kiasi ndio waliofungua milango ya kazi kuliko wandani.

Kwa hivyo huyo wa mara moja kwa mwaka ana maana. Swali ni utamwandikia nini.

Kwanza, kama unategemea orodha ya matangazo ya WhatsApp, ile ya kutuma ujumbe mmoja kwa watu wengi kwa mpigo, ujue humfikia tu yule aliyehifadhi nambari yako. Msimamizi aliyekuona kwa wiki 12 na kukuita “wewe kijana” pengine hakuihifadhi. Stetasi nayo ni hivyo hivyo. Unaweza kumaliza Desemba nzima ukisalimia hewa.

Andikia watu kumi, mmoja mmoja. Mtaje kwa cheo mlichozoea kumwita: Mhandisi, Daktari, Madam, Mwalimu. Kama kazini mlizungumza Kiingereza, andika Kiingereza, usianze ushairi. Jitambulishe upya hata kama unaamini anakukumbuka. Kwa mfano:

“Habari za likizo, Mhandisi. Ni yule mwanafunzi mliyekuwa naye idara ya ukarabati Mei hadi Julai. Ile njia uliyonionyesha ya kusoma michoro ya stima nimeitumia kwa kazi ndogo huku Thika, na mteja ameridhika. Nakutakia mapumziko mema na familia. Si lazima ujibu.”

Ujumbe huo una kitu alichokufundisha na matokeo yake, na haumwombi chochote. Hili la mwisho ndilo lenye uzito. Fikiria simu ya mtu mwenye mshahara Desemba. Mlinzi wa ploti anauliza, “Bosi, Krismasi yangu iko wapi?” Binamu wanne wanataka nauli. Chama kinagawana, lakini karo ya Januari inangoja hapo mlangoni. Katikati ya hayo yote ukimtumia salamu yenye mkia wa “na ukisikia nafasi yoyote unikumbuke”, umejiunga na foleni. Ukiandika bila kuomba, utakuwa karibu peke yako.

Najua kuna atakayesema: hayo ni ya walioshiba, kodi yangu ya nyumba inadaiwa tarehe 5. Sawa. Lakini Desemba 25 hakuna anayeajiri. Ombi linalotumwa siku hiyo husomwa mtu akiwa na mfupa wa mbuzi mkononi, kisha linazama chini ya mishumaa. Likifika wiki ya pili ya Januari, anayelisoma yuko mezani pake kazini.

Na usiwatafute wadosi pekee. Karani wa mapokezi, dereva na mwenzako mliyekalia naye kiti kimoja kwa kukosa cha pili husikia mapema kwamba fulani anahama au idara inaongezwa watu. Vijana wengi huwasahau hawa siku wanaporudisha beji, na ni hasara kubwa. Zaidi ya hayo, mwenzako wa leo ndiye atakayekuwa kwenye jopo la mahojiano miaka minane ijayo.

Angalia pia unamsalimia nani. Si kila mtu husherehekea Krismasi. Aliyekusimamia Mombasa au Garissa akiwa Mwislamu, mtakie heri ya mwaka mpya, na umwekee kumbukumbu kwenye kalenda ya simu umsalimie Idd. Salamu ya Idd kutoka kwa mtu ambaye si Mwislamu hukumbukwa kuliko kengele hamsini za Krismasi.

Umebadilisha laini? Waambie sasa. Nambari iliyoachwa kwa muda mrefu hupewa mtu mwingine, na bosi akiipigia Februari atasalimiana na mgeni.

Basi wiki ya pili ya Januari, Jumanne hivi, saa nne asubuhi, unaandika tena chini ya ule ujumbe wa Desemba, ambao bado uko pale juu ukimkumbusha wewe ni nani: “Habari ya kazi, Mhandisi. Natafuta nafasi ya fundi msaidizi mwaka huu. Naomba dakika kumi za simu siku yoyote wiki hii, unishauri nianzie wapi.”