Nyumba ya Pemba Hujengwa kwa Misimu

Ukishika njia ya Chake hadi Wete, kisha ukaendelea mpaka Konde, utaziona nyumba za kila hatua: msingi uliokwishaota majani, boma lililofika linta, nyumba iliyoezekwa bati lakini madirisha yamezibwa kwa matofali, na nyingine inakaliwa vyumba viwili vya mbele huku vya nyuma havijapigwa lipu. Sisi tulio Muscat, Dubai, London na Toronto tunazijua vizuri, maana nyingi ni zetu. Wapo wanaosema huko ni kukosa mpango. Mimi naona mpango upo, ila chanzo chake tumekisahau, na kwa kukisahau tunapoteza fedha nyingi tunapokarabati nyumba za wazee wetu.

Chanzo ni karafuu. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo karafuu nyingi za Zanzibar hutoka kisiwani kwetu. Zao hili halina mshahara wa mwezi. Huja kwa msimu, kuanzia karibu Julai hadi mwanzoni mwa mwaka unaofuata, na mti uliozaa sana mwaka huu waweza kupumzika miaka miwili au mitatu. Mwaka wa neema watu walinunua bati na mbao. Karafuu ikikosa, fundi naye alikaa. Nyumba ikapanda kwa kadiri ya kilichoanikwa majamvini.

Kukopa kulikuwapo, na kulituachia jeraha. Zamani wenye mashamba wengi walichukua fedha kwa wafanyabiashara kwa njia ya bei khiyari: shamba linaandikwa kuwa limeuzwa, mwenyewe anaendelea kulichuma huku akilipa kodi, na muda ukifika bila ya fedha kurejeshwa, shamba limekwenda. Bei ya karafuu ilipoporomoka miaka ya 1930, madeni yalikuwa mazito kiasi cha serikali ya kikoloni kupitisha sheria mwaka 1934 ya kuzuia ardhi isihamie ovyo mikononi mwa wadai. Ongeza katazo la riba katika dini yetu, na utaelewa kwa nini mzee wa Pemba akisikia neno rehani hubadilisha mazungumzo.

Kisha Indonesia, iliyokuwa mnunuzi wetu mkubwa kwa ajili ya sigara zake za karafuu, ikaanza kujitosheleza, na miaka ya 1980 soko likaanguka. Vijana wakatoka. Januari 2001, baada ya umwagaji damu wa kisiasa, watu takriban 2,000 walikimbilia Shimoni, Kenya, na baadhi yao hawakurudi kuishi tena. Fedha ya nje ikachukua nafasi ya karafuu, nayo huja vilevile: leo ipo, miezi mitatu haipo.

Kwa hiyo awamu si aibu. Awamu ndiyo mkopo wetu usio na riba. Kinachotuumiza ni kusimamisha kazi mahali pabaya.

Kabla ya tofali hata moja, kuna awamu ya karatasi, na hii ndiyo inayorukwa kuliko zote. Ardhi yote Zanzibar ni mali ya umma tangu miaka ya 1960. Mtu ana haki ya kuitumia. Nyumba nyingi za shamba ziko ndani ya kiambo, kwenye eneo la ukoo, na kwa desturi yetu mti unaweza kuwa wa mtu mwingine kabisa, asiye mwenye nyumba. Unataka kusogeza jiko hatua nne nyuma, unakuta mkarafuu ulioachiwa binti wa ami yako, na kuukata bila kibali ni kosa kisheria.

Kubwa zaidi ni mirathi. Baba amefariki, nyumba haijagawiwa, mama na ndugu wawili wanaishi humo. Wewe unatuma fedha ya bati, ya marumaru, ya karo jipya. Baada ya miaka minane kaka anataka fungu lake. Fedha yako ilikuwa nini? Hiba kwa mama? Deni juu ya warithi wote? Au ulikuwa unanunua mafungu ya wenzako? Kila jibu lina hukumu yake, na ukinyamaza kila mtu atachagua linalomfaa. Kaeni kikao, andikeni, shuhudisheni kwa sheha, na kwenye utata muulizeni kadhi au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Nasema hili kwa uchungu, kwani ukoo ukivunjika kwa sababu ya nyumba hauezekwi tena.

Sasa kazi yenyewe. Kanuni ninayoisimamia ni moja: kila awamu iishie mahali ambapo masika haiwezi kuirudisha nyuma. Tazama nondo zilizoachwa zikichomoza juu ya nguzo kwa ajili ya ghorofa ya baadaye. Upepo wetu una chumvi. Mwaka wa kwanza zinakuwa nyekundu, wa pili kutu inabanduka kwa magamba, na siku utakayozirudia fundi atakwambia zege la chini limeshapasuka. Kama ghorofa si ya karibuni, zifunike kwa zege jepesi, au usizitoe kabisa. Mchanga wa ufukweni nao una chumvi ileile, usiingie kwenye zege lenye nondo. Saruji usiilimbikize: ikiwekwa sakafuni wakati wa masika hugeuka jiwe ndani ya mfuko. Nondo zilizofunikwa, mbao zilizotiwa dawa na bati vinaweza kungoja.

Kwa nyumba ya zamani ya fito na udongo, adui ni maji: yale ya juu, kisha yale yanayorukia chini ya kuta. Bati na michirizi vitangulie, lakini fundi apime kwanza kama kuta zinaweza kubeba kenchi. Kama haziwezi, simamisha nguzo za zege pembeni zibebe paa, kisha badilisha kuta chumba baada ya chumba watu wakiwa ndani. Geti na rangi vije mwisho. Najua ndivyo vinavyopendeza kwenye picha za simu, lakini mama anahitaji choo cha ndani na tangi la maji. Tangu kebo ya baharini kutoka Pangani ilipoleta umeme wa gridi mwaka 2010, pampu si jambo la anasa tena.

Pakibaki pengo la fedha, benki zina njia isiyokuwa ya riba. PBZ, iliyoanzishwa 1966, ina huduma za Kiislamu tangu 2011. Katika murabaha benki hununua vifaa na kukuuzia kwa bei inayotajwa wazi pamoja na faida yake, unalipa kidogokidogo. Inafaa kwa awamu moja iliyopimwa, kama paa zima. Tuma fedha kwa awamu, usitume kwa mwezi: mwenye duka alipwe vifaa, fundi alipwe kwa kazi iliyokwisha, na ndugu anayesimamia apewe haki yake bila ya kuombwa ajitolee daima.

Na kalenda. Masika hunyesha Machi hadi Mei, vuli hurudi karibu Oktoba. Katikati ndipo pa kuchimba msingi na kuezeka. Lakini ndipo pia karafuu zinapoiva, na saidia fundi wote hupanda mitini, kwa sababu uchumaji unalipa zaidi. Kabla ya kutuma fedha, mpigie mjomba umuulize mikarafuu mwaka huu imebeba vipi. Ikiwa imebeba sana, nunua bati, lipia mbao, na fundi umwekee ahadi ya Januari.