Breki ya nyuma ikiungua, na mtaji unaungua

MFANYABIASHARA mwenye pikapu moja kuukuu huko Gando, Wilaya ya Wete, Pemba, hana gari la akiba. Gari hilo hilo ndilo linalopeleka magunia ya karafuu kavu kituoni msimu ukifika, ndilo linaloshusha samaki na ndizi Wete mjini asubuhi, na ndilo linalorudi na mchele na sukari ya duka. Likisimama siku moja, biashara nayo imesimama.

Kwa hiyo wiki hii tunaweka kando bei za sokoni na kutazama ubovu mmoja unaokula faida kimya kimya: handibreki inayonata na breki za nyuma zinazopata moto kupita kiasi. Ubovu huu mara nyingi huanza na waya ulioshika kutu. Ukipuuzwa huishia kwenye dramu, beringi na tairi, na pengine kwenye ajali.

Dalili zake si ngumu kuzitambua. Gari huwa zito kuondoka hata likiwa tupu. Ukiliweka huru kwenye mteremko mdogo haliteremki lenyewe. Matumizi ya petroli hupanda ilhali safari ni zile zile. Mwishowe huja harufu ya kitu kinachoungua, na gurudumu moja la nyuma huwa la moto kuliko mwenzake. Usilijaribu kwa kiganja. Nyunyizia tone la maji kwenye rimu. Likichemka papo hapo, hapo pana kazi. Lakini usimwage ndoo ya maji baridi juu ya dramu yenye moto, kwani chuma huweza kupasuka au kupinda. Acha ipoe yenyewe.

CHUMVI, MVUA NA VILIMA

Magari mengi ya mitumba visiwani hutoka Japani. Yale yaliyotumika kaskazini mwa nchi hiyo hupita miaka kadhaa kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa barafu. Kisha huvuka bahari kwa meli, na yakifika Gando hukaa karibu na pwani ambako upepo wa chumvi hauishi. Waya wa handibreki hupita ndani ya ganda la mpira chini ya gari. Ganda likichanika, maji huingia na kutu hushika. Hapo waya huvutika kwa nguvu za mkono, lakini springi hazina nguvu ya kuurudisha.

Sababu ya pili ni kuegesha. Gari likiachwa wiki kadhaa wakati wa masika handibreki ikiwa juu, gozi la breki hugandana na dramu kwa kutu. Sababu ya tatu ni vilima. Dereva mwenye mzigo anayeteremka huku mguu uko juu ya breki tangu kileleni hadi bondeni hupasha moto hata breki nzima. Basi kwanza jiulize: je, magurudumu yote yana moto sawa baada ya mteremko mrefu? Kama ni hivyo, anza na tabia ya dereva. Ateremke kwa gia ndogo.

USINUNUE SPEA KABLA YA KUPIMA

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Mwenye gari huambiwa anunue gozi jipya, kesho silinda, keshokutwa masta silinda, na moto uko pale pale. Kipimo chenye mpangilio huchukua muda mfupi na hugharimu kidogo.

Weka gari mahali tambarare, zuia magurudumu ya mbele kwa magogo au mawe, toa gia, shusha handibreki. Inua nyuma kwa jeki na uweke vigingi imara. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Zungusha kila gurudumu kwa mkono. Sauti ndogo ya kusugua ni ya kawaida, na kwa pikapu inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, uzito kidogo wa difu nao ni wa kawaida.

Gurudumu likiwa limekamatwa, legeza nati ya kurekebishia waya wa handibreki. Likiachia, ubovu uko kwenye waya, au waya ulikazwa kupita kiasi.

Lisipoachia, fungua kidogo kinati cha kutolea upepo nyuma ya dramu, huku ukikinga mafuta kwa chupa. Mafuta yakiruka na gurudumu likaachia, basi kuna shinikizo lililonaswa. Mara nyingi mkosaji ni paipu ya mpira iliyozeeka. Kwa ndani huvimba, ikapitisha mafuta unapokanyaga na kuyazuia yasirudi. Kwenye magari mengi yenye ekseli nzima, paipu moja ya namna hiyo hulisha magurudumu yote mawili ya nyuma. Ndiyo maana yakishika moto yote mawili, itazame mapema, pamoja na masta silinda.

Lisipoachia hata hapo, ubovu uko ndani ya dramu: springi zilizochoka, silinda ya gurudumu iliyokwama, au mkono wa handibreki ulioshika kutu. Fungua dramu, lakini usipulize vumbi lake. Gozi za zamani huweza kuwa na asbesto, ambayo hudhuru mapafu. Lifute kwa kitambaa chenye maji.

MATENGENEZO YANAYODUMU

Waya ulioshika kutu hubadilishwa. Kuutia mafuta husaidia kukufikisha nyumbani, lakini kutu hurudi. Springi na gozi hubadilishwa pande zote mbili kwa pamoja, la sivyo gari litavuta upande mmoja ukikanyaga breki.

Kosa kubwa la gereji nyingi ni kukaza waya ili kuficha gozi lililokwisha. Mpangilio sahihi ni kurekebisha gozi ndani ya dramu kwanza, kisha waya mwishoni. Kwa magari mengi madogo handibreki hushika kwa milio kati ya 4 na 9. Kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho. Ukifungua kinati chochote, toa upepo kabla ya kurudi barabarani.

Usisahau mafuta ya breki. Hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya pwani haina upungufu wa unyevu. Kwa viwango vya kimataifa, DOT 3 mpya huchemka kuanzia nyuzi 205 za Sentigredi; yaliyonyonya maji kiwango chake hushuka hadi 140. Breki yenye moto huweza kuyachemsha, na kanyagio likazama hadi chini ukiwa mteremkoni na mzigo. Yabadilishe kila baada ya miaka 2 hivi. Na kamwe usitie mafuta ya injini mahali pake. Huharibu mipira yote ya mfumo.

HESABU YA MWENYE MALI

Weka daftari. Andika lita za petroli na kilometa kila wiki. Matumizi yakipanda bila sababu, inua magurudumu na uyazungushe kabla ya kulaumu injini. Moto wa breki ukiachwa huyeyusha grisi ya beringi na kukausha sili ya ekseli; mafuta yakivuja kwenye gozi, gari halisimami. Hapo bei ya waya mmoja imegeuka bei ya breki nzima ya nyuma.

Anayenunua gari kuukuu naye afanye kipimo hicho kabla ya kutoa fedha. Aliendeshe kwa kilometa kadhaa bila kugusa handibreki, kisha alinganishe joto la magurudumu mawili ya nyuma. Tofauti kubwa ni sababu ya kuomba bei ishuke.

Gari likikaa muda mrefu wakati wa mvua, liache tambarare ndani ya gia, jiwe mbele na nyuma ya gurudumu, handibreki ikiwa chini. Jiwe ni la bure, na msimu wa karafuu haumngoji mwenye gari aliyeko gereji.