Je, Wajua? Slack Ilitokana na Mchezo Uliokufa

Jukwaa la Slack, linalounganisha ujumbe, mafaili na mikutano ya ofisi, halikukusudiwa kuuzwa. Kampuni ya Stewart Butterfield ilikuwa ikiunda mchezo wa kompyuta uitwao Glitch. Wafanyakazi wake walikuwa wametawanyika katika miji mbalimbali, wakajitengenezea chombo cha kuwasiliana kilichohifadhi mazungumzo yote ili yatafutwe baadaye. Mchezo ulifungwa mwaka 2012, chombo kikabaki na kuwa Slack. Mwaka 2021 kampuni ya Salesforce iliinunua Slack kwa takriban dola bilioni 27.7.

Utafutaji huo ndio hazina yenyewe: mfanyakazi mgeni husoma uamuzi wa mwezi uliopita pamoja na sababu zake. Basi mkimaliza mkutano wa video, andikeni mliyokubaliana kwenye chaneli ya timu siku hiyohiyo.