Bei Yetu Isisomwe Kwenye Meza ya Mnunuzi

Ndugu wanamemba, wakati wa kuuza mahindi tuliona jambo moja hapa komini Lubumbashi ambalo linatuhusu sote.

Tulimsindikiza mama mmoja wa kooperative kwa mnunuzi. Alikuwa na mifuko 40. Aliweka simu yake juu ya meza, akaanza kupatana bei. Katikati ya maneno simu ikalia. Sekreteri wa kooperative alikuwa ameandika: "Wakikataa, teremsha franka 5.000 kwa kila mfuko." Simu ilikuwa imefungwa kwa kodi, lakini maneno yote yakatokea juu ya kioo. Mnunuzi akacheka: "Mama, telefone yako ilisha kuniambia bei." Kuanzia hapo hakuongeza hata franka moja. Hesabu ni rahisi: 5.000 mara 40, franka 200.000 zimepotea.

Hapo hakuna aliyeiba. Sisi maagronome ndio tuliowafundisha wanamemba kutumiana bei kwa mesaje, kuzificha hatukuwafundisha. Basi tufanye sasa.

1. Ficha maneno kwenye kioo kilichofungwa. Ingia "Paramètres", kisha "Notifications", tafuta "Écran de verrouillage", uchague kuficha yaliyomo. Majina haya hubadilika kidogo kutoka simu moja hadi nyingine. Simu bado italia, ila itaonyesha tu kwamba mesaje imeingia. Ukimaliza, funga simu na umwombe jirani akuandikie, uone.

2. Weka kodi mbili. Kodi ya simu inamzuia mtu kuifungua, kwa mfano unapoiacha mahali pa kuchajisha. Lakini akitoa karte SIM na kuitia kwenye simu nyingine, mesaje mpya zitaingia kwake. Kwa hiyo SIM nayo ipewe kodi PIN. Ukikosea PIN mara tatu SIM inafungwa, na ni kodi PUK tu inayoifungua. PUK hiyo iandike, uiweke nyumbani.

3. Kodi ya siri ya M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money usimtumie mtu yeyote, hata prezida wa kooperative.

4. Maneno mazito yapitishe WhatsApp. Tangu 2016 inafunga maneno njiani, anayetuma na anayepokea ndio tu wanayasoma. SMS ya kawaida haina kinga hiyo. Lakini hata WhatsApp haisaidii kitu kama kioo kiko wazi mbele ya mnunuzi.

Jambo moja tusilisahau: siri ya bei ni kwa mnunuzi, si kwa wanamemba. Kabla ya kufuta mesaje ya mauzo, andika kwenye daftari la kooperative tarehe, mifuko na bei. Kooperative inayoficha bei kwa watu wake inajiua yenyewe.

Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 31, inalinda siri ya mawasiliano ya kila mtu. Ni haki kubwa. Lakini simu iliyo mezani, ni mkono wako unaoigeuza uso chini ao kuirudisha mfukoni.

Kwenye mkutano ujao, kila mmoja aje na simu yake. Vijana wasaidie baba na mama, na mtu asitoke kabla simu yake haijajaribiwa.