JE, WAJUA? Mapenzi ya riwayani hayasubiri siku 21

Katika riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute (1999), iliyofanywa filamu mwaka 2021, Yasmin, aliyeozwa mume mzee, anatoroka na kumpenda Denge, mpigania uhuru. Hadithini, kutoroka hutosha. Lakini wapendanao wakipanda boti Nyamisati, Tanzania, kwenda kisiwa cha Mafia wakitaka kuoana kesho yake, watakutana na Sheria ya Ndoa ya nchi hiyo ya 1971: taarifa ya nia ya kuoana hutolewa angalau siku 21 kabla.

Na aliyeahidiwa ndoa kisha akaachwa? Riwayani hulia tu. Tanzania, kifungu cha 69 cha sheria hiyo kinamruhusu, mwanamume au mwanamke, kudai fidia mahakamani; hata zawadi za uchumba zinaweza kudaiwa.

Ewe msomaji, pima ahadi kabla ya kuitamka.