Nyuzi zilizolegezwa na kodi zisizo na mi

Mwanafunzi wangu mmoja alikuja darasani amekata tamaa. Wiki nzima alikuwa akijifunza "Children of the Grave" ya Black Sabbath. Vidole vilikuwa mahali pake na mapigo yalikuwa sawa, lakini kila alipowasha rekodi ili apige pamoja nayo, yeye alikuwa juu na rekodi ilikuwa chini. Akaanza kuamini kwamba sikio lake ni bovu. Nilichukua gitaa lake, nikalegeza nyuzi zote sita, kila uzi kwa nusu toni tatu, nikamrudishia. Akapiga tena vilevile alivyopiga mwanzo, na safari hii akaingia ndani ya rekodi kama aliyekuwapo studio. Hakuwa na kosa lolote. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba gitaa linaweza kutyuniwa kwa namna nyingine.

Namna tuliyoizoea, kuanzia uzi mnene hadi mwembamba, ni E, A, D, G, B, E. Ni desturi nzuri, maana inaurahisishia mkono kodi nyingi na skeli nyingi bila kuhangaika juu na chini ya shingo. Lakini ni desturi tu. Wapigaji wa roki nzito wa Uingereza, hasa kati ya 1969 na 1975, waliiacha kila walipoona inawabana. Nashikilia kwamba sehemu kubwa ya kile tunachokiita uzito wa muziki ule haikutoka kwenye amplifaya. Ilitoka kwenye vigingi vya gitaa, na kwenye noti ambazo wapigaji waliamua kutozipiga.

Tony Iommi wa Black Sabbath alizaliwa mwaka 1948 Birmingham, mji wa viwanda. Ni mashoto, kwa hiyo mkono wake unaobana nyuzi ni wa kulia. Akiwa na miaka 17, siku yake ya mwisho kazini katika kiwanda cha mabati, mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono huohuo: cha kati na cha pete. Kwa mpiga gitaa, huo ulikuwa kama msiba. Msimamizi wake wa kazi akamsikilizisha rekodi ya Django Reinhardt, gwiji wa jazi ambaye moto wa mwaka 1928 ulimwachia vidole viwili tu vya kutegemea katika mkono wake wa kushoto. Iommi akapata moyo. Akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo, akafinyanga vikofia viwili vya vidole, akavifunika kwa vipande vya ngozi ili visiteleze juu ya nyuzi.

Fikiria kupiga gitaa na vikofia hivyo. Ngozi yako ndiyo inayokuambia kama uzi umebanwa sawasawa. Yeye ilibidi aambiwe na sikio. Nyuzi nene zilimuumiza, na nyembamba zilikuwa adimu madukani Uingereza siku zile, hivyo akafunga nyuzi za banjo. Hata hivyo bado zilikuwa ngumu. Ndipo katika nyimbo kadhaa za albamu ya tatu, Master of Reality ya 1971, akashusha gitaa zima kwa nusu toni tatu, na mwenzake Geezer Butler akashusha gitaa la besi vilevile.

Hesabu yake ni nyepesi. Uzi mnene wa E hutetema takribani mara 82 kwa sekunde. Ukiushusha hadi C-shapu, hutetema kama mara 69. Mkazo wa uzi hufuata mraba wa mitetemo hiyo, kwa hiyo ukishuka nusu toni tatu mkazo hupungua kwa asilimia 29 hivi. Kwa vidole vilivyojeruhiwa hiyo ni nafuu kubwa. Lakini uzi uliolegea una tabia zake. Hutetema kwa upana zaidi, na ukiupiga kwa nguvu sauti huanza juu kidogo ya noti kisha hutulia chini, kama mtu anayeweka mzigo mzito sakafuni. Sikiliza "Into the Void" kwa spika nzuri utaisikia hali hiyo. Alichokitafuta Iommi kilikuwa nafuu na sauti nzito kwa pamoja, na vyote viwili alivipata kwenye kigingi kimoja.

Sasa tuingie kwenye kodi. Mwanakwaya yeyote anajua kwamba kodi ya kawaida ina do, mi na sol. Mi ndiyo inayotoa sura: ikikaa juu wimbo unachangamka, ikishuka nusu toni wimbo unahuzunika. Wapigaji wa roki nzito waliitoa mi wakabaki na do na sol peke yake. Hiyo ndiyo kodi ya nguvu. Wengi hudhani ni kodi ya wavivu au wanaoanza, kwa sababu inahitaji vidole viwili tu. Si kweli, na sababu yake iko ndani ya amplifaya.

Amplifaya ikisukumwa hadi sauti ikaanza kukwaruza, haikuzi tu noti ulizopiga. Inazaa nyingine kutokana na jumla na tofauti za mitetemo yake. Piga A yenye mitetemo 110 pamoja na sol yake, E, yenye karibu 165. Tofauti yake ni 55, ambayo ni A ileile, oktava moja chini. Kwa maneno mengine, amplifaya imekuongezea besi bila wewe kuomba. Sasa ongeza mi, yaani C-shapu yenye mitetemo 138.6. Katika noti zitakazozaliwa mojawapo itaangukia karibu na 167, jirani mno na ile E ya 165, na hizo mbili zitagombana. Chanzo ni kwamba mi ya gitaa imewekwa juu kidogo ya mi halisi ili gitaa liweze kupiga funguo zote, na kasoro hiyo ndogo, ambayo gitaa la kawaida huificha, amplifaya inayokwaruza huianika hadharani. Waliitoa mi kwa sababu masikio yao yalisikia vurugu hiyo.

Ukishaondoa mi, unaweza kuijenga roki kwa umbali mwingine kati ya noti. Wimbo "Black Sabbath" wa 1970 umesimama juu ya noti tatu: G, G ya oktava ya juu, kisha C-shapu. Jaribu kuimba fa, halafu ruka moja kwa moja hadi ti. Koo linasita. Umbali huo wa toni tatu ndio unaobeba hofu ya wimbo mzima. Ile hadithi kwamba Kanisa la zamani liliupiga marufuku na kuwaadhibu walioutumia haina ushahidi. Walimu wa muziki waliuita wa shetani kwa sababu ulikuwa mgumu kuimbika na kupangika.

Ritchie Blackmore wa Deep Purple alipita njia nyingine katika "Smoke on the Water" ya 1972. Karibu kila anayeanza gitaa huupiga kwa kodi za nguvu, na karibu kila mmoja hukosea. Blackmore aliigeuza kodi: sol iko chini, do iko juu, kwenye uzi wa nne na wa tatu, tena bila piki, nyuzi mbili zikivutwa pamoja kwa vidole. Ndiyo maana rekodi inasikika wazi na kavu kuliko sisi tunavyoipiga. Jimi Hendrix, kwa upande wake, hakuikimbia mi. Katika "Purple Haze" ya 1967 aliweka mi mbili, G-shapu na G, ndani ya kodi moja ya E, akaziacha zigombane.

Kwangu mimi kilele ni Jimmy Page wa Led Zeppelin. Lakini mpangilio alioutumia ulianza kwa mwingine. Mapema miaka ya 1960, Mwingereza Davey Graham alikwenda Moroko na kutaka kupiga pamoja na wapiga udi. Msomaji aliyekulia na taarab ya Unguja au Mombasa anaelewa tatizo lake: udi huelea juu ya sauti moja inayoshikilia, na haung'ang'anii kodi. Graham akatyuni gitaa lake D, A, D, G, A, D. Hesabu: D tatu, A mbili, G moja. Mi ya D, yaani F-shapu, haimo kabisa. Gitaa lenyewe, kabla hujaweka kidole, limekwisha kukataa kusema kama lina furaha au huzuni.

Page aliutumia mpangilio huo katika "Black Mountain Side" ya 1969, kisha katika "Kashmir" ya 1975, wimbo ambao maneno yake Robert Plant, mwimbaji wao, alianza kuyaandika baada ya safari ya gari kusini mwa Moroko. Sikiliza kinachotokea pale: D inabaki palepale, na juu yake sauti moja inapanda nusu toni kwa nusu toni, A, A-shapu, B, C. Gitaa linahesabu tatu, ngoma za John Bonham zinahesabu nne, na hukutana tena baada ya mapigo 12. Ungejaribu kuipiga katika mpangilio wa kawaida, ungezipata noti lakini ungezikosa zile D zinazovuma zenyewe.

Keith Richards wa Rolling Stones alikwenda mbali zaidi: akatoa uzi wa sita kabisa, akatyuni tano zilizobaki G, D, G, B, D. "Brown Sugar" na "Start Me Up" zimetoka hapo.

Kama una gitaa nyumbani, anza na mpangilio wa Graham. Legeza uzi wa sita, wa pili na wa kwanza, kila mmoja toni nzima, kisha piga nyuzi zote wazi na usikilize hadi sauti iishe. Ukitaka kufika C-shapu ya Iommi, nunua nyuzi nene kidogo, la sivyo zitagonga freti. Na usijaribu kupandisha uzi wowote kabla hujajua nyuzi zako zinahimili nini. Uzi uliolegezwa hurudishwa, uliokatika hununuliwa upya.