SIAFU NI WA NYUKI, MCHWA NI WA MENDE

Je, mpenzi msomaji, umewahi kuketi sebuleni usiku wa mvua ukaona mdudu wa kahawia, mwenye tumbo refu kama soseji, akijigonga kwenye taa? Watoto hukimbia wakipiga mayowe: "Nyigu! Nyigu!" Lo! Huyo ni siafu dume, aliyetoka na mabawa yake kutafuta mchumba.

Hata hivyo, watoto hawakukosea sana. Wataalamu huwaweka chungu, nyuki na nyigu katika ukoo mmoja. Mtazame sisimizi kwa makini. Kiuno chake chembamba ni kile kile cha nyigu. Chungu wengi wana mwiba nyuma kama nyuki. Mwiba huo hapo kale ulikuwa kiungo cha kutagia mayai, ndiyo sababu madume hawadungi. Isitoshe, katika ukoo huu yai lisilorutubishwa hutoa dume. Kwa hivyo dume hana baba, lakini babu anaye!

Mnamo 1966, chungu wa kale walipatikana New Jersey, Marekani, ndani ya utomvu wa mti uliogeuka jiwe. Walikuwa wamekaa humo kwa takriban miaka milioni 90. Taya zao zilikuwa za nyigu, kiuno kikawa cha chungu. Kisha mwaka wa 2013, uchunguzi wa chembe za urithi ulionyesha kuwa chungu wako karibu zaidi na nyuki, na wale nyigu wajengao kwa udongo ukutani, kuliko nyigu wanaoning'iniza vitundu vyao darini.

Na mchwa je? Huyo si wa ukoo huu hata kidogo, wala kumbikumbi, ambaye ni mchwa mwenye mabawa. Jamaa yao ni mende!

Jambo hili lina faida nyumbani. Wengi wakiona wadudu karibu na mlango hukimbilia dukani kununua dawa bila kujua adui ni nani. Chambo cha sukari kitamnasa sisimizi, lakini mchwa anayetafuna fremu ya mlango wako hana haja nacho. Tena wako chungu weusi wanaotembea kwa msafara kwenda kuvamia mchwa na kuwala. Ukiwaua hao, umemfukuza askari ukamwacha mwizi.

Kwa hivyo, mzazi, kabla ya kupuliza dawa, inama utazame kiuno. Kikiwa chembamba, huyo ni chungu. Kikiwa kinene, hapana kiuno cha kuonekana, kagua mbao zako leo hii.